CVT Ni ya Miguu, Si ya Mota

Wasee, kabla mtu akuuzie "gia ya kujibadilisha yenyewe" ya kuweka kwa baiskeli ya umeme, msimamishe umuulize swali moja tu: hiyo gia inamsaidia nani, mota ama miguu yangu? Akianza kukwambia ati inasaidia kila kitu, rudisha pesa mfukoni.

Naandika hii juu kuna jirani yetu, mzee wa maji, ako na baiskeli ya magurudumu matatu. Mbele tairi moja, nyuma mbili, na katikati ya hizo mbili kuna kitanda cha vyuma cha kubeba mitungi. Amepokea zamu yake ya chama, elfu 45, na hiyo ndiyo pesa yote anayo ya kuweka mota. Kuna muuzaji amemwambia bila CVT mota itakufa kwa mwezi mmoja. Mzee akanijia: "Kijana wangu, wewe si unaongeanga hizi vitu kwa simu? Nieleze." Nimemweleza. Sasa nawaeleza nyinyi.

Wengi wetu CVT tumeijulia kwa magari. Ile Vitz ukiitisha usiku, ikipanda mlima injini inalia sauti moja mpaka juu, hakuna kuruka gia. Ndani badala ya meno kuna puli mbili na mkanda katikati yake. Kila puli ina pande mbili zinazoweza kusongeana ama kuachana. Zikisongeana, mkanda unapanda juu ya puli, zikiachana, unazama. Puli moja ikipanuka na nyingine ikizama, gia imebadilika, na kati ya gia nyepesi kabisa na nzito kabisa hakuna ngazi, ni kama mteremko laini. Si kitu kipya. DAF ya Uholanzi ilionyesha gari la hivyo, na mikanda ya raba, mwaka wa 1958. Ni vile tu mafundi wetu wanaiogopa. Umeskia vile wanasema: ukimwaga oili isiyo yake kwa CVT, hiyo gari umeichinja.

Swali ni kwa nini gari inahitaji gia in the first place... ngoja, niseme vizuri: kwa nini gari inahitaji gia kabisa? Juu injini ya petroli ni kama mtu wa mhemko. Ikizunguka polepole sana inazima. Ikizunguka haraka sana inapiga kelele na nguvu inashuka. Ina eneo dogo katikati ambapo inafurahia kazi, na gia zipo kuiweka hapo. Ndio maana dere wa tuktuk ya petroli kila saa anapindua mkono wa kushoto. Anaitafutia injini raha yake.

Mota ya umeme haina hiyo shida. Inavuta kwa nguvu zake zote ikiwa imesimama tii, kabla hata tairi izunguke. Angalia nduthi za umeme ambazo zimejaa Nairobi siku hizi: hakuna klachi, hakuna gia ya mguu. Unapindua mkono, inaenda. Hao watu hawakusahau kuweka gia. Hawakuihitaji.

Sasa miguu. Miguu ndiyo inafanana na injini ya petroli. Mtu wa kawaida anapiga pedali vizuri kati ya mizunguko 60 na 90 kwa dakika. Chini ya hapo magoti yanalia. Juu ya hapo unarusha miguu kama mtu anafukuza siafu. Na nguvu yenyewe ni kidogo: mtu mwenye afya, si mwanariadha, akikanyaga muda mrefu anatoa kama wati 100. Hizo wati 100 huwezi kuzipoteza ovyo, kwa hivyo kumpa mtu gia laini ambayo inamweka kwa mdundo wake muda wote ni kitu tamu sana.

Nimeiendesha. Rafiki yangu aliachiwa baiskeli ya umeme na bosi wake aliyehama nchi, na kwa gurudumu la nyuma kuna ile habu nono inayoitwa enviolo, zamani ikiitwa NuVinci. Hiyo haina mkanda. Ndani kuna mipira ya chuma imebanwa kati ya sahani mbili, na oili maalum. Mipira ikiinamishwa upande huu, gurudumu linaenda haraka kuliko mnyororo. Ikiinamishwa ule, linaenda polepole na linakuwa jepesi. Kwa hendeli kuna kidirisha chenye kijimtu kwa baiskeli na mstari chini yake. Ukipindua, ule mstari unakunjika unakuwa kilima. Hakuna namba. Hakuna "kra". Nilipanda nayo Valley Road kutoka chini mpaka juu, miguu ikizunguka mdundo uleule, na mota iko pale kwa pedali ikinisukuma. Manze, nilicheka peke yangu. Pia unaweza kubadilisha ukiwa umesimama kwa mataa, jambo ambalo gia za kawaida za mnyororo kuruka haziwezi. Kwa jam ya Nairobi hiyo si raha ndogo.

Lakini elewa nilichofurahia. Ni miguu yangu iliyofurahi. Mota haikujali.

Turudi kwa mzee, juu kwake hesabu inabadilika kidogo na hapa ndipo muuzaji alipochanganya ukweli na biashara.

Njia yake ina mlima mmoja mbaya. Tuliupima na ule mpira wa maji unaoonekana ndani, wa fundi wa mjengo, ule wanatumia kusawazisha ukuta. Kwa kila mita 10 za barabara, mlima unapanda sentimita 60. Mitungi 10 ya lita 20 ni kilo 200. Baiskeli yenyewe tuseme 50, mzee 70. Jumla 320. Kusukuma kilo 320 juu ya mlima huo, kwenye barabara yenye mawe yake, kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, unahitaji karibu wati 400 zikifika kwa tairi. Mzee analeta 100 kwa miguu. Zinabaki 300.

(Kwa chuo, kabla niache, hesabu kama hii tuliifanya ubaoni wiki nzima na hakuna siku tuliguza baiskeli. Nasema tu.)

Wati 300 si nyingi. Mota nyingi za bei ya mtaa zimeandikwa 350 ama 500. Shida si wati, shida ni mwendo. Mota ya kukaa ndani ya rimu, iliyotengenezwa kwenda kilomita 25 kwa saa, ukiipeleka kwa 6 inazunguka robo ya kasi yake. Ili kutoa nguvu zilezile ikizunguka polepole hivyo, lazima ivute umeme mwingi kwa nyaya zake, na joto la nyaya halipandi sawa na umeme. Ukiongeza umeme mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Mara tatu, joto mara tisa. Ndio maana unaona mtu amesimama kando ya mlima anapulizia mota kama chai.

"Sasa si ulisema mota haihitaji gia?" Nilisema haihitaji CVT. Mota ya mzee inahitaji kitu kimoja: njia ya kuzunguka haraka wakati tairi linaenda polepole. Gia moja ya mlima. Ukiipa gia nyepesi mara mbili, inafanya kazi ileile kwa umeme nusu, na joto linashuka hadi robo. Haihitaji gia elfu kati ya nyepesi na nzito, juu ina eneo pana la kufurahia kazi. Ngazi mbili tatu zinatosha kabisa.

Na kuna gia ya bure ambayo hakuna muuzaji atakwambia: tairi ndogo. Mota ileile ya rimu ukiiweka kwa tairi la inchi 20 badala ya 26, inasukuma kwa nguvu zaidi kwa karibu theluthi moja. Mwendo wa juu unapungua, lakini nani anakimbiza maji?

Sasa CVT aliyokuwa anauziwa mzee haikuwa hata ile habu nono. Ilikuwa ya skuta, imetolewa kwa skuta iliyokufa: puli, mkanda wa raba, na zile roli ndogo nzito ndani ya puli ya mbele. Hapa lazima niwe mkali kidogo. Hizo roli hazina akili. Puli ikizunguka haraka zinarushwa nje, zinasukuma upande mmoja wa puli, na gia inabadilika. Zimepimwa uzito kwa injini ya skuta, ambayo kazini inazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Ukifunga mota inayozunguka polepole kuliko hapo, roli zinakaa tu zikilala na gia haipandi. Unaweza kuweka roli nzito zaidi, sawa, lakini hiyo ni kubahatisha mpaka upate, na kila kubahatisha ni pesa.

Alafu nyuma kuna klachi inayoshika tu ikizunguka haraka. Kwa skuta ya petroli ina maana, juu injini lazima iendelee kuguruma ukisimama. Mota ya umeme ikisimama, imesimama. Hiyo klachi kazi yake kwako ni kuteleza kila ukianza kutoka, na mlimani na mitungi 10 ukianza kutoka ndiyo shida yenyewe. Na kama kontrola yako inaweza kurudisha umeme kwa betri ukishuka mlima, sahau: mwendo ukipungua klachi inaachia, na mota haishiki tena tairi.

Mwisho ni upotevu. Mnyororo safi wenye oili unakula asilimia 2 ama 3 ya nguvu. Mkanda wa raba wa skuta unaweza kula 15 na zaidi, inageuka joto na vumbi jeusi. Mtu wa petroli haoni, anaongeza mafuta ya mia. Mtu wa betri anaona: hizo ni mitungi ambayo haitafika saa kumi jioni.

Habu ya mipira je? Kwa baiskeli ya mizigo ziko zile zimetengenezwa kabisa kwa kazi hiyo, na huko Ulaya zinabeba watoto na vifurushi kila siku. Kwa magurudumu matatu haiwezi kukaa kwa tairi la nyuma kama ya rafiki yangu, lakini unaweza kuifunga katikati ya fremu, mnyororo mmoja unaingia, mwingine unatoka kwenda kwa ekseli. Ingefaa miguu ya mzee vizuri sana. Gia yake nzito kabisa ni mara 3.8 ya nyepesi. Lakini imefungwa. Ikiharibika, hakuna fundi wa mtaa ataifungua, unatafuta nyingine nzima, na mzee akikosa maji siku nne wateja wameshapata mtu mwingine. Nikiwa na pesa zangu na baiskeli ya kwenda mjini, ningeinunua kesho. Kwa pesa ya chama ya mtu anayelisha watu watano, siwezi kumwambia hivyo nikimwangalia usoni.

Nilichomwambia ni hiki: mota ya katikati, inayovuta mnyororo, ipitie friwili ya ngazi 7, kubwa meno 34, ndogo 14. Hiyo ni mara 2.4 kati ya nyepesi na nzito. Mota na miguu zote zinapita hapohapo, kwa hivyo zote mbili zinapata gia ya mlima. Ina ubaya wake, simfichi. Mota ya hivyo inatafuna mnyororo. Na lazima abadilishe gia kabla ya mlima, miguu ikizunguka na mota imeachiwa kidogo, la sivyo mnyororo unakatika na mitungi inarudi nyuma pamoja naye. Lakini mnyororo unapatikana kila duka la baiskeli kutoka hapa mpaka Kisumu, na anajua kuukata na kuuunga mwenyewe tangu enzi za Black Mamba.

Mzee aliniskiza yote, akanyamaza, akauliza kitu kimoja: "Na nikizeeka zaidi, miguu ikikataa?" Nikamwambia basi hapo hiyo baiskeli inakuwa tuktuk, na tuktuk ya umeme haihitaji gia ya miguu. Akasema "haya", akaenda kuongea na mama.

Seti inafika wiki ijayo. Tutaanza na mitungi 6, alafu 8, alafu 10, na kila tukifika juu nitaguza mota na kipimajoto, si mkono. Breki za nyuma tumebadilisha kwanza, kabla ya kitu chochote, juu kilo 320 zikianza kushuka huo mlima hakuna gia ya kuzizuia.