Antena ilivyomuumbua bibi!

Ukitaka kujua nyumba yenu imejengwa kwa tofali la kweli au mchanga mtupu, funga waifai. Ukuta mnene unayala mawimbi bila huruma. Bati ndiyo kabisa, linayarudisha yalikotoka.

Kwetu Tabata ruta iko sebuleni, nyumba kubwa, na bibi mzaa mama anaishi chumba cha uani. Katikati kuna kuta mbili na jiko la mabati, umbali kama mita 30. Kila Jumapili mjomba anapiga simu ya picha kutoka Geita, anakofanya kazi migodini. Sebuleni picha bomba. Uani ni kasheshe: mjomba anaganda mdomo wazi, sauti inakuja vipande vipande. Bibi naye mguu haumruhusu kutembea hadi sebuleni.

Shemeji akaleta kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachodaka mawimbi na kuyarusha tena. Kilisaidia kidogo. Tatizo ni kwamba vile vya bei rahisi vina redio moja tu: inasikiliza kwanza, halafu ndiyo inarudia, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu. Ni kama kusimuliwa picha ya Kihindi na mtu ambaye naye ndiyo anaitazama.

Ndipo likaja wazo la antena ya nje. Hapa washikaji wengi wanaingizwa mjini, wanadhani antena inaongeza nguvu. Haiongezi hata chembe! Inakusanya nguvu ile ile na kuielekeza upande mmoja, kama kioo cha tochi kinavyoifanyia balbu. Uzuri wake, na kusikia inasikia vizuri zaidi kutoka upande huo. Hilo ndilo la maana, kwa sababu simu ya bibi inarusha kwa nguvu ndogo, na ruta ikipiga kelele peke yake bila kusikia inachojibiwa, mmefanya kazi bure. Mwaka 2007 huko Venezuela, bwana Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha kwa waifai vilele viwili vya milima vilivyo umbali wa kilomita 382, antena zikitazamana. Kilomita 382, jamani! Na sisi tunashindwa na jiko la mama.

Fundi wa mtaani akaja na antena pamoja na waya mwembamba wa mita 10, eti ruta ibaki pale pale sebuleni. Nikamgomea. Waya ule, unaoitwa RG-58, kwa mawimbi ya 2.4 GHz unapoteza kama desibeli 1 kila mita. Mita 10 zikiisha, kilichobaki ni sehemu moja ya kumi. Unanunua antena halafu nguvu yote unaimwaga njiani! Tukachukua kiboksi cha nje chenye redio na antena humo humo. Kutoka kwenye ruta unavuta waya wa mtandao tu, huo huo unabeba na umeme, na unaweza kwenda mpaka mita 100. Tukakifunga chini ya upenu badala ya juu ya paa, maana radi za masika mnazijua wenyewe. Kikalikwepa jiko kwa pembeni, kikatazamana na dirisha la bibi.

Bado kukawa na soo. Dirisha lile lina wavu wa chuma wa kuzuia mbu. Mawimbi yenyewe yana urefu wa sentimita 12 hivi, na kwa vitundu vidogo namna ile wavu ni sawa na bati. Nikamwambia bibi tuweke wa plastiki.

"Mume wangu, yaani niliwe na mbu kwa ajili ya simu?"

Nikamwapia kwamba wa plastiki nao unazuia mbu. Mashauriano yalichukua siku mbili!

Jumapili iliyofuata picha ikatulia kama televisheni. (Vijana wa nyumba ya nyuma nao mawimbi yamewafikia, wakaja kuomba namba ya siri. Hiyo ni ya siku nyingine.)

Sasa sikiliza. Miezi yote ile mjomba akiuliza, "Mama, mguu vipi?" bibi alikuwa anajibu, "Umepona, baba." Kwa picha ile ya kugandaganda nani angebisha? Sisi tunaoishi naye, ukimtajia hospitali anakufukuza chumbani. Mjomba ndiye mtu pekee asiyemkatalia. Siku hiyo akaegemeza simu kwenye jagi ili amenye vitunguu huku wanaongea, na mguu ukaonekana wote, umevimba hadi gotini.

Mjomba akanyamaza. Halafu akauliza, "Mama, hicho nini?" Bibi akaanza kutafuta pa kukatia simu.

Jumanne hela ya hospitali ikaingia, Jumatano tukawa kwenye foleni. Amepewa dawa, na ameambiwa arudi kila mwezi. Uvimbe umeanza kupungua. Ila lawama zote ni zangu na kiboksi changu, na siku hizi Jumapili ikifika bibi anajifunika kanga hadi vidoleni ndipo anapokea.