WALIMREFUSHIA UWANJA, AKAUFUATA HUKOHUKO

Kuna staa mmoja wa gofu, ukiambiwa tu shati jekundu la Jumapili ushamjua, kwa hiyo jina halina haja.

Aprili 1997 dogo ana miaka 21, anatua Augusta kule Georgia, Marekani, kucheza Masters yake ya kwanza akiwa pro. Klabu ambayo mwanachama wake wa kwanza mweusi ilimpokea 1990, juzi tu hapo! Mashimo tisa ya mwanzo akaboronga, mikwaju 40. Baada ya hapo akawasha moto. Shimo la 15 lina bwawa mbele, wengi mkwaju wa pili wanaupiga roho mkononi. Yeye siku hiyo alikuwa amebakiza padogo mpaka akatoa fimbo ya kudokolea mipira ya karibu. Alimaliza mikwaju 18 chini ya par, wa pili akiwa nyuma kwa mikwaju 12. Aibu.

Wenye uwanja wakaingia kazini. 1999 nyasi za pembeni zikaachwa ziote. Kufika 2002 mashimo tisa yamebadilishwa na uwanja umeongezwa yadi 285, zaidi ya viwanja viwili vya mpira ukivipanga kwa urefu. Wao walisema fimbo na mipira ya kisasa inaenda mbali mno, na kweli inaenda. Ila watu walisema anakomeshwa mtu mmoja.

Sasa jiulize, ukirefusha safari anaumia nani? Mwenye nguvu bado anafika. Anayepiga karibu ndo anabaki njiani akiomba Mungu. Staa akabeba tena mwaka huohuo 2002, akabeba 2005, na 2019 akabeba akiwa na miaka 43 na mgongo uliopasuliwa mara nne.

Lakini uwanja nao ukinuna, umenuna. 2007 ilipiga baridi na upepo, ardhi ikakauka kama sakafu. Akatokea jamaa mmoja wa Iowa, hana mbwembwe wala hapigi mbali. Mashimo marefu, yale ya par 5, hakujaribu hata mara moja kufika kwa mikwaju miwili. Anausogeza mpira mahali anapopapenda, wa tatu anaudokoa taratibu. Mashimo hayo peke yake yakampa 11 chini ya par. Mwishoni alishinda akiwa na mkwaju mmoja JUU ya par, siku nne nzima!

Staa mwenye shati jekundu? Nyuma yake kwa mikwaju miwili, anabanana nafasi ya pili na Wasauzi wawili.