Kabla Utukane Linux, Angalia Chipu Yako

Wasee, tuambiane ukweli. Mtu akiweka Linux kwa laptopu na waifai ikatae kushika, lawama zote zinaendea Linux. "Hiyo ni kitu ya wale watu wa kompyuta." Hiyo kauli nimeisikia Meru, nikaisikia Embu, na nimechoka nayo.

Simu ya Android unayosomea hii, ndani yake kuna kerneli ya Linux. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo wote. Inakaa katikati ya programu na vyuma. Linus Torvalds aliianza mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Programu yako ikitaka intaneti haijui chipu ya waifai ilitengenezwa na nani. Inaomba kerneli, na kerneli inaita draiva. Huyu si draiva wa matatu ya Meru–Nairobi, lakini kazi zao zinafanana: yeye ndiye anajua gia za hiyo gari moja. Bila yeye gari iko steji, abiria wamejaa, na hakuna kusonga.

Kwa nini naleta hii story sasa? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisimamisha sasisho za kawaida za Windows 10. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 na, kama ni Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa angalia laptopu za mitumba ambazo sisi huku tunaweza kununua. Wengi wetu tuko kizazi cha 4, wengine hata cha kwanza. Mashine bado inaruka vizuri tu, lakini imeambiwa imezeeka. Kwa mtu hana doo ya nyingine, Linux ndiyo njia. Na kitu kinarudisha watu nyuma kwa hiyo njia, mara nyingi, ni waifai.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili (hiyo ni story ya siku nyingine) na nikikosa kurekodi huwa nawekea watu mifumo kwa laptopu zao. Komredi mmoja akanifikia kutoka Embu na Core i5 ya kizazi cha kwanza, RAM gigabaiti 4. Alikuwa na kazi ya chuo ya kutuma Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatano jioni. Linux ikaingia bila shida. Waifai, hakuna. Si kwamba ilikuwa polepole, haikuonekana kabisa, ni kama mashine haijawahi kusikia hilo neno.

"Mkuu, si basi urudishe ile Windows?"

"Tulia kwanza, buda."

Nikaandika lspci -nn, ikaleta 14e4:4315. Hiyo ni Broadcom BCM4312. Draiva yake, inayoitwa b43, ilikuwa tayari ndani ya kerneli. Kilichokosekana ni famweya, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe ndiyo ianze kazi. Broadcom hawakuruhusu hiyo famweya isambazwe pamoja na Linux, kwa hivyo lazima uichukue mwenyewe kwa intaneti. Yaani unahitaji intaneti ndiyo upate intaneti! Umefungiwa nje na ufunguo uko mezani ndani.

Njia ya kutoka iko mfukoni mwako. Chomeka simu kwa kebo, washa kushiriki intaneti kwa USB, na laptopu itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya. Draiva ya hiyo iko ndani ya kerneli tayari. Bando kidogo tu, famweya ikashuka, tukawasha upya, na majina ya waifai za majirani yakajipanga kwa skrini. Komredi alicheka peke yake.

Lakini hiyo b43 ilitoka wapi? Broadcom hawakuwapa watu wa Linux maelezo ya chipu zao. Kwa hivyo kundi moja likachambua draiva ya kampuni na kuandika jinsi chipu inavyofanya kazi, halafu kundi lingine likaandika draiva mpya kwa kusoma hayo maelezo peke yake, bila kugusa ile ya kampuni. Toleo la kwanza liliingia kwa kerneli mwaka wa 2006, na b43 yenyewe ikafuata 2008. Broadcom walikuja kufungua draiva ya baadhi ya chipu zao Septemba 2010, watu wakiwa washachoka kungoja.

Kati ya hao watu kulikuwa na Mmarekani anaitwa Larry Finger. Alikuwa mzee, mwanasayansi mstaafu. Alianza na Broadcom, akaenda kwa Realtek, akatuma viraka zaidi ya elfu moja kwa kerneli. Alifariki Juni 2024. Nikisoma hiyo habari nilifikiria laptopu zote zimepita mikononi mwangu zikishika waifai kwa sababu ya mzee ambaye pengine hakuwahi kusikia jina Runyenjes. Siku hizi draiva za Realtek kwa kerneli zinasimamiwa na injinia wa Realtek wenyewe, na hivyo ndivyo ingekuwa tangu mwanzo. Draiva ikiwa nje ya kerneli, kila sasisho linaweza kuivunja, na wewe ndiye utabaki ukihangaika nayo usiku. Ikiwa ndani, anayebadilisha kerneli anairekebisha pia.

Kwa hivyo ukienda kununua laptopu, usiulize RAM pekee. Beba Linux kwa flashi, mwambie muuzaji aiwashe kutoka hapo, uandike ile lspci -nn. Kwa mstari wa waifai, ukiona 8086 hiyo ni Intel, mara nyingi hutasumbuka. 10ec ni Realtek, jaribu kushika waifai kabla utoe pesa. 14e4, andaa kebo na bando, na ushushe bei.

Na wewe wa Chuka uliyenitumia 14e4:4365: hiyo ni BCM43142, b43 haiiwezi. Inataka draiva ya Broadcom yenyewe, inaitwa wl, na hiyo iko nje ya kerneli. Ukiweza, badilisha kadi uweke ya Intel, lakini kwanza hakikisha BIOS yako inaikubali, kwa sababu laptopu zingine za zamani hukataa kadi zisizo kwa orodha yao. Nitumie modeli kamili kabla ufungue skrubu yoyote.