Sufuria za Langoni

Zamani, ukitaka kujua nani atapona ndani ya gereza kuu la Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ulisimama langoni asubuhi. Akina mama walifika na sufuria za bugali, sombe na ndakala kavu, wakingoja majina yaitwe. Mwenye mama mjini alikula, na akiugua, mama huyo ndiye aliyehangaika kutafuta dawa. Aliyetoka Nyunzu au Manono, akakamatwa miaka ile ya vita vya Watwa na Waluba, hakuwa na wa kumletea kitu. Niliingia na kikundi cha parokia kugawa uji na sabuni. Watu wa mbali niliwatambua kwa miguu iliyovimba, kabla hawajafungua kinywa.

Kikohozi hakikumshtua mtu. Walilala wamebanana, wengi wao hawajahukumiwa bado, wanangoja faili tu.

Mabadiliko niliyoyaona yalianza na jambo dogo: anayeingia akaanza kuulizwa anaumwa nini. Nakumbuka kijana mmoja aliyezungushiwa mkononi utepe wa kupimia utapiamlo, kama ule wa kliniki ya watoto. Alikuwa akimtazama muuguzi usoni, hautazami utepe. Akaandikiwa chakula cha nyongeza bila kuulizwa ndugu zake wako wapi. Waliokohoa kwa wiki mbili na zaidi, makohozi yao yakapelekwa maabara kupimwa kifua kikuu.

Padri alitueleza Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015. Kanuni ya 24 inataka mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile wanachopata raia walio nje. Mlinzi mmoja akauliza, "Padri, na sisi wa nje kiwango chetu ni kipi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mji huu unakijua kipindupindu miaka nenda rudi, watu wanachota maji ziwani, na mlinzi yule kila jioni alirudi kwa watoto wake na hewa ya vyumba vile kifuani.

MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilipofunga ofisi yake ya Kalemie mwaka 2022, niliogopa tutarudi kwenye sufuria peke yake. Chakula bado hakitoshi, na hilo linaniuma. Tena dawa za kifua kikuu humezwa miezi sita, na wapo wanaoachiliwa katikati. Lakini siku hizi, kabla mtu hajatoka, namsikia muuguzi akiuliza, "Unaenda kijiji gani, na kituo cha afya cha karibu ni kipi?" Kisha anamwandikia karatasi ya kuendelea na dawa huko.