Viti viwili uwanjani

Nilipoanza kufundisha uzamili wa saikolojia ya ushauri nasaha mjini Arua, mwanzoni mwa miaka ya 2010, majirani zangu wa Koboko walidhani napima Ukimwi. Sikuwalaumu. Uganda iliujua ushauri nasaha kupitia gonjwa hilo. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mumewe akiwa ametoka kufariki, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi, pamoja na wenzake, na tangu hapo mshauri kwa watu wengi ni yule anayekukalisha kitako kabla hujasomewa majibu ya damu. Eti mtu asomee kazi hiyo hadi shahada ya pili, bila sindano wala maabara! Walicheka. Siku hizi hawacheki, wananiuliza tu mashirika yataajiri lini tena.

Mimi ni mhadhiri wa muda, sijawahi kuwa zaidi ya hapo. Siku za wiki nina kazi yangu Koboko. Ijumaa jioni napanda teksi, tunapita Maracha, na Jumamosi nashinda darasani. Nalipwa kwa vipindi, na malipo yenyewe huja yanapojisikia. Kabla barabara haijawekwa lami nilikuwa nafika na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na wanafunzi walikuwa na adabu ya kutonitazama mpaka ninawe.

Darasa la kwanza lilikuwa la watawa, mapadre, wauguzi na walimu wa sekondari, watu wazima walioacha familia zao waje kusoma wikiendi. Vitabu vyote vilitoka Marekani. Tulimsoma Carl Rogers kwa bidii, na ukweli ni kwamba Rogers anafundishika vizuri huku kwetu West Nile, maana kumsikiliza mtu bila kumhukumu ni jambo ambalo mzee yeyote mwenye busara hulielewa. Kilichotushinda ni chumba. Katika vitabu vile kuna chumba tulivu, mlango umefungwa, watu wawili, dakika 50, kisha anaingia mwingine. Swali la usiri lilitoka kila mtihani, na kila mwanafunzi aliujenga upya mlango huo kwenye karatasi yake, kisha akarudi kwao ambako hakuna mlango wa aina hiyo.

Na wakati tunakariri hayo, habari zetu wenyewe zilikuwa zinasomwa Ulaya. Mwaka 2004 Frank Neuner na wenzake kutoka Ujerumani walichapisha utafiti walioufanya miongoni mwa wakimbizi wa Sudan katika makazi ya Imvepi, ambayo wakati huo yalikuwa ndani ya wilaya ya Arua. Tiba waliyoijaribu ni hii: mgonjwa anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mshauri anaandika, kikao kinachofuata anamsomea, wanasahihisha pamoja, na mwisho mwenye maisha anakabidhiwa maandishi yake. Mwanafunzi wangu aliyekulia karibu na Imvepi aliikuta habari hiyo katika kitabu cha kigeni. Alinionyesha ukurasa akiwa nusu anajivuna, nusu amekasirika.

Kwa watu wa umri wangu, ukimbizi hatukuusoma vitabuni. Idi Amin, ambaye kwao ni Koboko, alipoangushwa mwaka 1979, hasira ya nchi ilitushukia sote, askari na wasio askari, tukavuka mpaka kwenda Sudan na Zaire. Mimi nilikulia upande wa Yei, huko Sudan. Barbara Harrell-Bond aliandika juu ya maisha yale katika kitabu chake Imposing Aid, kilichotoka mwaka 1986, na wanafunzi wangu hupenda nikiwasimulia yale ambayo mtafiti hakuyaona. Hakuna aliyetuketisha kutuuliza tulichokiona njiani. Tulipewa majembe.

Ndipo ikaja Julai 2016. Vita vilianza tena Juba, vikasambaa hadi Yei, na watoto wa wale waliotupokea wakavuka kuja kwetu. Makazi ya wakimbizi ya Bidibidi yalifunguliwa Yumbe mwezi Agosti, na kufikia mwisho wa mwaka yalikuwa na watu zaidi ya 250,000. Mashirika yalihitaji washauri haraka, na darasa langu likabadilika sura. Waliingia vijana waliovaa fulana za mashirika, wengine ada zikilipwa na waajiri. Kazi walikwisha kuifanya, walifuata cheti na majibu. Mteja amekuja na majirani sita, nifukuze wangapi? Mwanamke nikijifungia naye ndani, mumewe atanielewa?

Jibu nililiona Lobule, makazi ya wakimbizi wa Kongo katika wilaya yetu ya Koboko, nilipokwenda kumkagua mwanafunzi katika mafunzo kwa vitendo. Dada huyo alikuwa amechukua viti viwili vya plastiki akaviweka katikati ya uwanja wa mpira, akaketi na mteja wake. Kila mtu aliwaona, hakuna aliyewasikia. Watoto walipoanza kusogea, bibi mmoja aliyekuwa akianika muhogo aliwafukuza kwa fimbo bila kuombwa. Nilimpa dada yule alama zote za usiri.

Mwaka 2020 ulikuja utafiti wa Wietse Tol na wenzake, uliofanyika katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Vikao vya kuwasaidia kukabili dhiki vilikuwa vitano, vya kikundi, vikiongozwa na sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na wawezeshaji ambao si wataalamu. Miezi mitatu baadaye, waliohudhuria walikuwa na dhiki ya moyo pungufu kuliko wenzao. Darasa lilichafuka. Kama spika na mtu asiye na digrii wanatosha, sisi tunalipa ada za nini? Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, aliwaacha wamalize kelele, kisha akauliza: "Na huyo mwezeshaji, mwalimu, akilemewa na aliyoyasikia, atakwenda kwa nani?"

Tangu siku hiyo muhula wangu umegeuka. Sehemu kubwa sasa nafundisha usimamizi: namna ya kukaa na watu wa kujitolea wa kijijini, kuwasikiliza wao, kutambua kesi inayowazidi na kuipeleka hospitali ya rufaa. Vitabu havina mengi ya kusema hapo, kwa hiyo tunatumia kesi zetu.

Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada. Fulana za mashirika zilipungua darasani, baadhi ya wanafunzi wakaahirisha masomo kwa kukosa ada. Mwezi Mei mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha mgao kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda, na walimu wa Koboko walianza kunisimulia habari za wanafunzi wanaolala njaa na wanaosema hawaoni haja ya kuishi. Waliobaki darasani ni walimu na wauguzi, wanalipa wenyewe kwa mafungu.

Wenye kauli katika wilaya zetu, msisubiri mfadhili mwingine. Anzeni na shule za sekondari: kila moja impunguzie vipindi mwalimu mmoja aliyesomea kazi hii, mumpe na muda wa kukutana na watu wa kujitolea wa kijiji chake. Walimu hao wapo, nimewafundisha.