Kompyuta Iliyosahau Mwaka

Ndugu msomaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, na bado nusura mali yangu ipotee, kwa kuwa daftari lenyewe lilikuwa limeandikwa tarehe ya uongo.

Mali ninayoisema si fedha, bali ni maneno ya marehemu baba yangu. Katika miezi yake ya mwisho, kila Jumamosi jioni, mzee alikuwa akikaa kitini sebuleni na kunisimulia maisha yake, tangu utoto wake kijijini hadi miaka ya ukuli bandarini Dar es Salaam, nami nikiyapiga chapa katika kompyuta yetu kuukuu ya mezani. Masimulizi yote yalikuwa katika faili moja. Mwezi wa Januari niliweka nakala yake katika diski ya nje. Mwezi wa Mei, baada ya mazishi, nikaazimia kuhifadhi na yale yaliyoongezeka.

Nilikuwa nimeiagiza programu ya kunakili ichukue tu faili zilizo mpya kuliko zile za diskini. Kufumba na kufumbua, kazi ikaisha. Faili zilizonakiliwa: 0.

Nikazitazama tarehe. Nakala ya diskini ilionyesha Januari ya mwaka ule ule. Ile ya kompyutani ilionyesha 1 Januari 1980, wakati ambapo mimi mwenyewe nilikuwa sijazaliwa! Nikahukumu papo hapo kwamba hiyo ni takataka ya zamani, nikajiandaa kuifuta ili niweke ile ya diskini mahali pake.

Mke wangu alikuwa akipiga pasi sare za watoto. Akasema, "Baba watoto, usifute kitu ambacho hujakisoma. Kwani kitambulisho cha Baba kilisema amezaliwa lini?"

Nikanyamaza. Mzee alizaliwa msimu wa nzige, wakati wa palizi. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika. Karani aliyemwandikisha ukubwani alijaza 1 Januari, yakaisha. Mwenyewe alikuwa akicheka na kusema kwamba makaratasi yake yalizaliwa sikukuu, lakini yeye alizaliwa shambani.

Tukazifungua faili zote mbili. Ile ya diskini iliishia pale mzee alipoanza shule. Ile ya "1980" ilikuwa na yote: bandari, posa ya mama, na usiku niliozaliwa mimi. Mikono ilinitetemeka. Msimulizi alikwisha lala kaburini. Ningemwomba nani anisimulie tena?

Kesho yake fundi wa mtaani alitueleza chanzo. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo, bapa kama sarafu, ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuiendesha saa wakati umeme haupo. Yetu ilikuwa imekufa. Umeme ulipokatika, saa ilirudi 1 Januari 1980, mwaka ambao mfumo wa kuhifadhi faili uitwao FAT huanzia hesabu yake. Naam, mimi niliiona saa ile imepotea, nikaipuuza, maana ya ukutani nilikuwa nayo. Kila nilichokihifadhi baada ya hapo kilipigwa muhuri wa 1980. Nayo programu haisomi maneno. Hulinganisha mihuri tu. Ilimwona mpya akiwa mzee, ikamwacha nje.

Fundi akabadili betri. Nikarekebisha tarehe na saa, na kuhakikisha kompyuta inafuata majira ya Afrika Mashariki, yaani saa 3 mbele ya Greenwich. Kisha nikalifungua faili la mzee, nikalihifadhi kwa jina jipya ili lipate tarehe ya kweli, nikalinakili, na mwisho nikalifungua kutoka diskini kwenyewe na kusoma ukurasa wa mwisho.

Jambo jingine alilotufunza ni hili: mfumo wa FAT huandika saa za mahali bila kusema ni za wapi, tena huhesabu sekunde mbili mbili. Kwa hiyo faili mbili zilizo sawa kabisa zaweza kuonekana zimepishana kwa saa 3 kamili, au kwa sekunde moja au mbili. Tofauti hiyo peke yake si sababu ya kufuta lolote.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna picha za harusi, sauti za wazee au barua za watoto ndani ya kompyuta, leo Jumapili itazame kwanza saa yake kabla hujanakili chochote. Na pale tarehe mbili zinapogombana, usimwamini karani. Fungua, usome mwenyewe.