Matumbawe Laini Yakivamia Tangi Lako: Palilia Bila Kuhatarisha Familia

Mmenizoea nikiandika juu ya ndago, viwavijeshi na mabwawa ya perege. Leo nasema na wale wachache wenu mnaofuga samaki wa baharini kwenye tangi la kioo, sebuleni au dukani. Tangi hilo nalo ni shamba, na kila shamba lina magugu yake.

Magugu ninayoyasema ni matumbawe laini. Xenia hufumba na kufumbua vidole vyake kama mtoto anayeaga, na mteja akiliona hutoa pesa papo hapo. Baada ya miezi michache limefunika mawe yote, na matumbawe magumu yamekosa mwanga. Lipo jingine ambalo wafugaji wa Ulaya na Marekani huliita mti wa Kenya. Hilo huangusha vijitawi, na kila kijitawi kinachonasa kwenye jiwe huota. Ukilikatakata ndani ya tangi hujalipalilia, umelipanda. Ni kama ndago uliyoikata juu ukaacha kiazi ardhini.

Kabla hujagusa kitu, tambua ulicho nacho. Wapo ndugu wa matumbawe waitwao zoantidi, wenye umbo la vifungo vya shati, ambao wauzaji huwachanganya na matumbawe laini. Baadhi yao, hasa jamii ya Palythoa, wana sumu kali iitwayo palitoksini. Wanasayansi wa Hawaii waliitenga mwaka 1971, kutoka kwa zoantidi wa Hana, kisiwani Maui, ambao wenyeji walisimulia kwamba sumu yao ilipakwa kwenye mikuki. Mwaka 2018, katika kijiji cha Steventon, Uingereza, familia nzima ilipelekwa hospitali pamoja na wazima moto, baada ya tumbawe kuondolewa kwenye tangi la nyumbani.

Mfanyabiashara mmoja aliniuliza, "Bwana afisa, si niyachemshe tu mawe yafe?" Nilimjibu hapana, nami nakujibu wewe vivyo hivyo. Moto hauimalizi sumu hii, na mvuke wake huingia mapafuni. Usichemshe jiwe, usilisugue kwa brashi kavu, wala usilimwagie maji ya moto.

Fanya hivi. Vaa glavu ndefu na miwani ya kujikinga. Kama una kidonda mkononi, mwachie mwingine kazi. Watoto watoke, madirisha yafunguliwe. Zima pampu, kisha toa jiwe zima ulihamishie kwenye ndoo yenye maji ya tangi. Fanyia kazi nje, mbali na uso. Bandua tumbawe pamoja na kitako chake, kipande kisibaki, kisha suuza jiwe kwa maji mengine ya chumvi kabla ya kulirudisha. Kama jiwe limejaa zoantidi, usilikwangue. Litoe lote na ukubali hasara.

Masalia, maji ya ndoo na vifaa viloweke kwenye jiki, sehemu moja kwa maji kumi, nusu saa au zaidi. Jiki huivunja palitoksini. Usichanganye jiki na siki wala asidi yoyote, na isiingie kwenye tangi hata tone.

Usiondoe yote siku moja. Matumbawe yaliyojeruhiwa hutoa kemikali na yakioza huongeza amonia, na samaki hufa. Ondoa kidogo kila wiki, badilisha sehemu ya maji, na weka mkaa mpya wa kuchujia. Usilishe samaki kupita kiasi, maana mabaki ya chakula ndiyo mbolea ya Xenia. Yale unayoyapenda yaweke kwenye jiwe la peke yake, limezungukwa na mchanga, mbali na mawe mengine.

Baada ya kazi, ukihisi ladha ya chuma mdomoni, homa, kikohozi, kifua kubana, misuli kulegea au macho kuuma, toka nje na uwahi hospitali. Mwambie daktari uligusa nini. Hakuna dawa ya kuifuta sumu hii, kuna tiba ya kukusaidia upumue na mwili ujipiganie.

La mwisho ni la jirani yako mvuvi. Usitupe masalia baharini, mtoni wala mtaroni. Pwani ya Venezuela, tumbawe laini liitwalo Unomia stolonifera, ambalo asili yake si bahari ile na linadhaniwa kuletwa na biashara ya matangi, limefunika miamba katika Hifadhi ya Taifa ya Mochima. Mwamba uliofunikwa hivyo humnyima samaki makazi na mvuvi riziki. Gugu la tangi unaweza kuling'oa kwa mkono. Likifika baharini, hakuna jembe litakalolifuata.

Kazi njema, na glavu kwanza.